Tutakaa Naye Mpaka Amalize: Ilani ya Wanawake wa Voi na Taita Taveta

Sisi ni wanawake wa Taita Taveta. Tumo wakunga na walimu, wauza mboga wa soko la Voi, wafumaji wa vikapu wa Kasigau, wakulima wa Dawida na Sagalla, wachuuzi wa ndizi na vitunguu wa Taveta, vibarua wa mashamba ya mkonge, wanafunzi wa chuo, wahamasishaji wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba, na nyanya wanaolea wajukuu ambao mama zao walifia uzazini. Leo tunaanzisha harakati, na neno letu la kwanza ni hili: binti wa kaunti hii hajakosa watu wa kumhurumia. Amekosa mtu wa kukaa naye.

Huruma tumeiona. Imekuja na magari, fulana, mabango na wapiga picha. Imeleta sodo muhula mmoja, ikapotea mihula miwili. Imelipa karo ya mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili msichana akarudishwa nyumbani kutafuta salio. Imepiga kambi ya matibabu Jumamosi moja, ikampima mama presha, ikamwambia iko juu, ikakunja mahema na kuondoka. Kila aliyetoa alifanya jema, wala hatumbezi. Lakini mimba hubebwa miezi 9, shule ya msingi hadi sekondari pevu ni miaka 12, na dawa ya presha humezwa kila siku. Mambo hayo hayawezi kubebwa na msaada wa siku moja.

Kwa hiyo tunatangaza kwamba kila binti wa kaunti hii, tangu afikishe miaka 10, atakuwa na mwanamke mmoja mzima kutoka nje ya nyumba yake anayelijua jina lake, darasa lake, karo anayodaiwa na siku yake ya kliniki. Tutamwita mlezi. Atakaa na binti huyo mpaka amalize shule. Na binti akipata mimba kabla ya kumaliza, mlezi hataondoka. Atakuwa naye mpaka ajifungue salama, na atampeleka kwa mkono wake mpaka darasani.

Tumechagua umri wa miaka 10 kwa sababu. Huo ndio umri ambao Kenya, tangu Oktoba 2019, imekuwa ikiwachanja wasichana dhidi ya virusi vya HPV vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Muda si mrefu baadaye hedhi huanza. Na ndio umri ambao mwili wa msichana huanza kutazamwa na watu wasiomtakia mema, hali yeye bado ni mtoto na hana wa kumwambia.

Anayetaka kuielewa shida ya msichana wa hapa aitazame ardhi kwanza. Kaunti yetu ina zaidi ya kilomita mraba 17,000, na zaidi ya asilimia 60 ya eneo hilo limo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671. Hao wote wamebanana katika nafasi iliyobaki: vilima vya Dawida, Sagalla na Kasigau, ukanda wa reli na barabara kuu, mashamba ya mkonge, ranchi, na nyanda za Taveta. Mgeni anayeshuka treni Voi huona nyika pana na ndovu waliogeuka wekundu kwa vumbi. Mzazi wa Sagalla ya chini hujiuliza mtoto atoke nyumbani saa ngapi. Akitoka alfajiri ili awahi gwaride, ndovu bado hawajarudi mbugani. Akingoja jua lipande, atachelewa na ataadhibiwa. Mvulana naye hukutana na ndovu hao hao, ni kweli. Ila masomo yakishakuwa ya hatari na ya mbali, wa kwanza kuambiwa akae nyumbani ni msichana.

Kisha kuna maji. Bomba la Mzima huanzia kwenye chemchemi za Tsavo Magharibi na kusafirisha maji zaidi ya kilomita 200 hadi Mombasa. Vipo vijiji vyetu vinavyoliona bomba bila kuyaona maji. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020, mitungi iliongezeka migongoni mwa wasichana na saa za kusoma zikapungua. Misaada mingi imepita katika kaunti hii kama bomba hilo: inatajwa, inapimwa, inaandikwa kwenye ripoti, na aliye kando ya njia anabaki na kiu.

Hatusemi kwamba hakuna lililofaulu. Huko Sagalla, kwa zaidi ya miaka 10 sasa, wakulima wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki, kwa kuwa ndovu huogopa nyuki. Wanawake wamo katika kazi hiyo, na asali inauzwa. Tunautaja mfano huu kwa makusudi. Ulifaulu kwa sababu waliouleta walikaa. Walirudi msimu baada ya msimu, mizinga ilipohamwa na ilipojaa, mvua iliponyesha na ilipokatika.

Tuje kwenye uzazi, maana hapo ndipo wengi wetu tumezika.

Wakunga husema vifo vya uzazi vina ucheleweshaji wa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Huku kwetu zote tatu zipo. Mama wa Kasigau aliyeshikwa na uchungu usiku yuko takriban kilomita 30 za vumbi kabla hajaiona lami ya Maungu, na kutoka Maungu bado hajafika Hospitali ya Rufaa ya Moi hapa Voi. Wa milimani anategemea hospitali ya Wesu, na njia ya kuteremka ikilowa, gari halipandi wala halishuki. Wa mpakani anategemea hospitali ya Taveta. Mwanamke anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa 2. Na katika saa hizo 2 mume anatafutwa ili atoe ruhusa, nauli inakopwa, na boda boda anagoma kumbeba mgonjwa mwenye damu.

Kujifungua katika hospitali za umma kulitangazwa kuwa bure tarehe 1 Juni 2013. Baadaye ukaja mpango wa Linda Mama, na tangu Oktoba 2024 tumeambiwa tuhamie Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Majina yamebadilika, na kila yanapobadilika kuna mwanamke anayefika mapokezi na kuambiwa hayumo kwenye mtambo. Aliyekosa simu, aliyekosa kitambulisho, msichana aliye chini ya miaka 18 asiyejua aandikishwe kwa nani: hao ndio wanaoanguka katikati. Sera nzuri isiyo na mtu wa kumshika mkono mama mpaka dirishani humwacha nje mnyonge kabisa, naye ndiye aliyetungiwa.

Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza katika kila kijiji itakuwa ya daftari. Mama mjamzito aandikishwe SHA mapema, kabla tumbo halijawa kubwa. Kliniki yake ihesabiwe. Waendesha boda boda na wenye magari waliokubali kuitwa usiku wajulikane kwa majina, na nauli yao iwe imewekwa tayari kutoka kwenye mfuko wa chama cha akina mama. Na wachangiaji damu, wanaume kwa wanawake, wajulikane kabla damu haijahitajika. Haya hayahitaji jengo wala mgeni rasmi. Yanahitaji mtu wa kulisasisha daftari kila wiki, hata wiki ambayo hakuna aliyejifungua.

Kuhusu saratani ya mlango wa kizazi tutakuwa wakali kwa nafsi zetu. Hakuna saratani inayoua wanawake wengi wa Kenya kuliko hii, nayo inaweza kuzuiwa. Chanjo ipo. Kipimo kipo, tena ni cha dakika chache, na mabadiliko yakionekana mapema yanatibiwa. Shirika la Afya Duniani limeziwekea nchi lengo la kufikia mwaka 2030: asilimia 90 ya wasichana wachanjwe kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe kufikia umri wa miaka 35 na tena kufikia 45, na asilimia 90 ya watakaokutwa na ugonjwa watibiwe. Huku kwetu watu wanaambiana kwamba chanjo itawafanya mabinti tasa. Si kweli, na hatutaiacha kauli hiyo ipite mbele yetu bila kuijibu. Lakini mama hawezi kumshawishi bintiye akubali sindano ikiwa mwenyewe anaogopa kitanda cha uchunguzi. Kila mlezi wa harakati hii atapimwa kwanza.

Sasa tuseme lile ambalo kaunti hii hulisema kwa sauti ya chini. Ukeketaji haujaisha Taita Taveta. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2008–09 ulionyesha kwamba kiasi cha asilimia 32 ya wanawake wa Taita na Taveta walikuwa wamekeketwa. Ule wa 2014 ulionyesha kiasi cha asilimia 22. Kushuka huko ni kazi ya watu, na tunawashukuru. Ila asilimia 22 ni zaidi ya mwanamke mmoja kati ya watano, na mabango ya kupinga ukeketaji yaliyochorwa kwa ajili ya jamii nyingine hayatufikii. Yanaonyesha msichana wa miaka 12, ngoma, na sherehe ya msimu wa likizo. Huku kwetu mara nyingi hukatwa mtoto mchanga, ndani ya nyumba, siku au wiki chache baada ya kuzaliwa. Hakuna ngoma. Hakuna anayekimbia kwa chifu, maana aliyekatwa hajui hata kulia kwa maneno. Anakua, anaolewa, na siku ya kujifungua mkunga ndiye anayegundua.

Sheria ya 2011 inapiga marufuku kitendo hiki, iwe kwa mtoto au mtu mzima, iwe ndani ya nchi au kwa kuvuka mpaka. Tunaiunga mkono sheria hiyo na tutaitumia. Hata hivyo tunajua kwamba polisi hawawezi kulinda chumba cha mzazi. Anayeweza ni mwanamke aliyeruhusiwa kuingia humo. Ndiyo maana mlezi atakayemsindikiza mama hospitali atarudi naye nyumbani, na atakuwa akipita katika siku 40 zote za uzazi: atatazama kitovu, atamsaidia kunyonyesha, atafua, atapika uji, na atazungumza na nyanya wa mtoto. Tunawaambia nyanya zetu kwa heshima yote: mlitulea na mlitupenda, na mlichotufanyia mlifanyiwa nanyi bila kuulizwa. Komeni hapo. Mjukuu huyu hana deni la mila.

Elimu ina historia ndefu hapa kuliko wengi wanavyodhani. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Sagalla mwaka 1883, na Wakatoliki wakaanzisha misheni ya Bura mwaka 1892, kabla reli ya Uganda haijafika Voi. Mababu zetu walishika kalamu mapema, na leo tuna chuo kikuu chetu wenyewe, kilichopata hati yake mwaka 2016. Sheria nazo zipo. Elimu ya msingi ni bure tangu 2003. Marekebisho ya 2017 ya Sheria ya Elimu ya Msingi yanaitaka serikali impe sodo kila msichana wa shule ya umma aliyebaleghe. Sera ya kumrudisha shuleni msichana aliyejifungua ni ya tangu 1994, na mwongozo wake ulifanywa upya mwaka 2020, mwaka ule ule shule zilipofungwa kwa sababu ya korona na wasichana wengi wakabebeshwa mimba wakiwa nyumbani. Mwongozo huo unasema mjamzito asifukuzwe, na aliyejifungua apokewe, katika shule yake au nyingine.

Muulize msichana aliyeacha shule kama aliwahi kuusikia mwongozo huo. Muulize mamake. Mimba ikigunduliwa, nyumba huingiwa na aibu, na katika aibu hakuna anayekwenda kumwona mwalimu mkuu. Msichana hafukuzwi kwa barua. Anaachwa apotelee. Kutokana na hilo tumeamua kwamba ndani ya wiki ile ile mlezi ataketi na mzazi, kisha atakwenda shuleni akiwa na nakala ya mwongozo mkononi, na atauliza tarehe ya kurudi. Tarehe hiyo itaandikwa. Ikifika, mlezi atakuwa mlangoni, na mtoto mchanga atakuwa na mtu wa kubaki naye. Hapo pa kubaki na mtoto ndipo mipango mingi hufia, na ndipo chama kitatumia pesa zake bila kusita.

Karo nayo tunaifahamu kwa uchungu. Kuna basari ya kaunti, kuna ya eneo bunge, kuna ya ofisi ya mwakilishi wa wanawake, kuna ya kanisa na ya msikiti, kuna ya mfadhili wa ng'ambo. Kila mmoja hutoa kidogo kwa wengi ili orodha iwe ndefu. Hakuna anayekaa chini na kuuliza: msichana huyu mmoja anadaiwa kiasi gani, amelipiwa na nani, na pengo ni lipi? Matokeo yake ni kwamba ameandikwa kwenye orodha tatu za waliosaidiwa na bado yuko nyumbani. Mlezi atakuwa na karatasi moja ya kila binti yenye hesabu hiyo yote. Tutawaomba watoaji wote, wakubwa kwa wadogo, waikubali karatasi hiyo na wazibe mapengo badala ya kurefusha orodha.

Voi ni mji wa njiani, na njia ina watu wake. Malori hulala hapa, Maungu na Mackinnon Road. Msichana anayetembea mbali kwenda shule ya kutwa hupewa lifti, kisha hupewa chipsi, kisha hupewa hela ya sodo ambayo serikali iliahidi na haikufika. Hatutamlaumu mtoto kwa kupokea alichokikosa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haimpi aliye chini ya miaka 18 uwezo wa kukubali, na kwa hiyo haimwachii mtu mzima kisingizio. Tunatangaza kwamba hakuna mwanachama wa harakati hii atakayekaa kwenye kikao cha kumaliza kesi ya unajisi kwa mbuzi, kwa pesa au kwa ndoa, hata kama mshtakiwa ni kaka yake, mwanawe au mchungaji wake.

Na kila mwanamke wa kaunti hii ajue yafuatayo kwa moyo. Aliyenajisiwa asioge wala asifue nguo alizovaa. Zitiwe kwenye karatasi au kitambaa, si mfuko wa plastiki. Aende hospitali mara moja, kabla ya kituo cha polisi ikibidi, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Fomu ya polisi ya P3 ijazwe na daktari. Nambari ya 1195 hupokea simu za dhuluma za kijinsia bila malipo, na 116 ni ya watoto. Katika njia hii hatuko peke yetu. Sauti ya Wanawake Pwani, iliyoanzishwa mwaka 2001, ilianza kulipigania hili wengi wetu tukiwa bado shuleni, na tunakuja kuongeza mikono.

Sasa tunawageukia wanaotoa, kwa kuwa tunawahitaji na hatutaki kuwadanganya.

Mgeni njoo, mwenyeji apone: tunaiamini methali hiyo, na mgeni wa kweli tutamkaribisha. Lakini mgeni hawezi kuwa mwenye nyumba. Novemba 2023 Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ni shirika la kiraia, pamoja na shirika la Uholanzi la SOMO, ilitoa ripoti yenye ushuhuda wa wafanyakazi na wanajamii waliodai kwamba wanawake walinyanyaswa kingono kwa miaka mingi na baadhi ya wakubwa katika mradi wa kaboni wa Kasigau. Mradi huo ulikuwa ukisifiwa duniani, na ni kweli umelipia watoto wengi karo. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na hapo ndipo tunapojifunza: wema unaotendwa hautoi kinga. Penye pesa za hisani pana mwenye kuajiri na mwenye kuomba kazi, mwenye kugawa basari na mwenye kupanga foleni. Penye nguvu ya namna hiyo lazima pawe na mahali pa kulalamika pasipo mikononi mwa anayelalamikiwa.

Kwa hiyo tutajiwekea sisi wenyewe masharti kabla ya kumwekea mtu mwingine. Hesabu za kila chama zitasomwa kwa sauti, hadharani, kila mwezi, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji. Binti hatapigwa picha akipokea sodo, dawa au karo. Asiyeridhika na hilo apeleke mchango wake kwingine. Mlezi hatakuwa na mabinti zaidi ya watano, ili awajue kweli. Malalamiko dhidi ya mlezi au kiongozi yatapokelewa na wanawake wa kata nyingine. Siri ya binti ikitoka mdomoni mwa mlezi, mlezi huyo ataondoka.

Wala hatutajenga harakati hii juu ya mgongo wa wanawake wanaofanya kazi bure. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, na posho yao ikapangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Ni kidogo, na kidogo hicho kikichelewa, mama aliyepanda mlima kumpima jirani hulala na njaa. Tutadai posho hiyo ilipwe kwa wakati. Na vyama vyetu vitamlipa mlezi nauli na muda wa simu kabla ya kununua fulana moja.

Afya ni kazi ya kaunti tangu ugatuzi uanze mwaka 2013. Katiba, katika ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya, na afya ya uzazi imetajwa humo kwa jina. Ibara ya 53 inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kwa hiyo hisani yetu haitakuwa kisingizio cha serikali kulala. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kila mwaka kabla ya tarehe 30 Aprili. Tutakuwa Wundanyi, kwenye bunge hilo, kabla ya siku hiyo tukiwa na madaftari yetu: wajawazito wangapi walikosa gari, wasichana wangapi walikosa sodo na muhula gani, zahanati gani ilikosa dawa. Anayetaka kutubishia aje na daftari lake.

Tunajua pia uongozi ulivyogawanywa hapa. Tangu 2013 kaunti hii imekuwa na manaibu gavana watatu, na wote watatu ni wanawake: Mary Ndigha Kibuka, Majala Mlagui na Christine Kilalo. Magavana watatu wa kipindi hicho hicho wote ni wanaume. Hatuna chama cha siasa na hatutamfanyia mtu kampeni. Ila tunawalea mabinti wajue kwamba kiti cha pili si mwisho wa ngazi.

Baba zetu, waume zetu na kaka zetu, tunawahitaji kwa mambo mahususi. Changieni damu. Toeni ruhusa ya hospitali leo, mapema, ili usiku wa uchungu pasiwe na mtu wa kungojwa. Nunueni sodo dukani bila kunong'ona. Kataeni mbuzi wa kesi. Nanyi dada zetu mlio Mombasa, Nairobi, Riyadh na Doha, ambao mishahara yenu ndiyo inayolipa karo nyingi za vijiji hivi: tumeni mnachotuma, kisha ulizeni jina la mlezi wa mtoto wenu na mpigieni.

Tunaanza bila ofisi na bila mfadhili. Tuna vyama vya akina mama vinavyokutana kila wiki tayari, tuna vivuli vya miembe, makanisa, misikiti na madarasa yaliyo matupu Jumamosi. Kila chama kitakachojiunga kitatenga sehemu ya mchango wake wa wiki kwa ajili ya mfuko wa nauli na mfuko wa mapengo ya karo, na kitateua mwanamke mmoja wa kusoma hesabu.

Anayetaka kujiunga asitangulize pesa. Aje na jina la binti mmoja anayemjua, kijiji anachokaa na darasa lake, na awe tayari kubisha hodi mlangoni kwao wiki hii na wiki ijayo. Uandikishaji wa walezi umeanza leo.